Siku tatu Bonifacio, Corsica: palipostahili fedha zetu na pasipostahili

Anayetaka kuuona vizuri mji wa Bonifacio, kusini mwa kisiwa cha Corsica cha Ufaransa, na aingie kwa bahari. Sisi tuliondoka asubuhi na feri ya Santa Teresa Gallura, kwenye ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Sardinia cha Italia, na kwa muda wa saa moja hivi tulikuwa tumevuka mlango wa bahari wenye upana wa kilomita 12 unaoitenganisha Italia na Ufaransa. Nilikuwa na mjomba wangu, mzee aliyekuwa nahodha wa majahazi kati ya Tanga, Pemba na Mombasa kwa zaidi ya miaka 30, ambaye alikuja kunitembelea kaskazini mwa Italia ninakoishi na ambaye, baada ya wiki mbili za kuoneshwa makanisa na viwanja, aliniomba kwa adabu nimpeleke mahali penye bandari. Tathmini hii kwa hiyo ni ya watu wawili, na katika mambo ya bahari neno lake ndilo nimelifuata.

Kutoka mbali kinachoonekana ni ukuta mweupe wa mawe ya chokaa uliosimama wima kutoka baharini, wenye kimo cha mita 60 na zaidi, na juu yake mstari wa nyumba nyembamba zilizobanana hadi ukingoni. Mawimbi yameula ukuta huo kwa chini kwa karne nyingi, hata sehemu ya juu imebaki imechomoza, na baadhi ya nyumba zinaonekana kana kwamba zimening'inia. Sehemu kubwa ya Corsica ni milima ya matale. Huku kusini mtu anakuta chokaa hii nyeupe yenye matabaka kama ya mkate wa kusukuma. Feri iliupita mji mzima kwa chini, ikaendelea kuelekea magharibi bila dalili yoyote ya bandari, kisha ikageuza omo moja kwa moja kuelekea jabali. Mjomba, aliyekuwa ameketi akinywa kahawa, alisimama akashika ukingo wa chombo. "Mwanangu," alisema, "huyu nahodha anakwenda kutupandisha mwambani." Ndipo ukuta ukafunguka.

Bandari ya Bonifacio imo ndani ya hori jembamba lenye urefu wa kilomita moja na nusu hivi, linaloingia nchi kavu nyuma ya jabali lenyewe, hivyo kwamba mji wa juu una bahari kuu upande mmoja na maji tulivu ya bandari upande wa pili. Nje kulikuwa na upepo wa magharibi uliokuwa umeanza kuchafua bahari. Ndani, maji yalikuwa yametulia kama yaliyomo kwenye birika. Mjomba alitazama kuta za pande zote mbili, akatazama kina cha maji, akasema kwamba katika maisha yake amelala katika bandari nyingi zilizojengwa kwa fedha nyingi na zisizofikia nusu ya hii ambayo haikujengwa na mtu. Sina la kuongeza. Kama kuna jambo moja Bonifacio ambalo hulilipii na ambalo lazima ulione, ni kule kuingia bandarini, na wale wanaofika kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa Figari hulikosa.

Historia ya mji inatokana na umbo hilo la pwani. Jina lake linatoka kwa Bonifacio wa Toscana, mtawala aliyejenga ngome hapa katika karne ya 9; mwishoni mwa karne ya 12 mji ulichukuliwa na Genova, jamhuri ya wafanyabiashara wa baharini, ambayo ilileta watu wake yenyewe wakae juu ya jabali. Hadi leo wapo wazee wachache wanaozungumza lahaja ya mji huu, iliyo karibu na Kigenova kuliko Kikorsika cha vijiji vya jirani.

Kutoka gatini kwenda mji wa juu kuna njia mbili kwa asiye na gari: kupanda ngazi pana za Rastello, au kupanda kitreni cha watalii kinachokwenda barabarani kwa magurudumu ya mpira. Kitreni ni ghali kwa umbali mfupi kama huo, lakini kwa mtu mwenye magoti ya uzee kinastahili bei yake na sitakisema vibaya. Ngazi za Rastello zinafika kwenye kikanisa kidogo cha Mtakatifu Roko, mahali ambapo inasemekana alikufa mgonjwa wa mwisho wa tauni ya mwaka 1528, iliyoua sehemu kubwa ya wakazi wa mji. Mandhari ya jabali kutoka hapo ndiyo iliyomo katika picha nyingi za Bonifacio unazoziona, na haina kiingilio. Kisha unaingia kwa Lango la Genova, lenye daraja la kuinuliwa la karne ya 16, ambalo hadi karne ya 19 lilikuwa mlango pekee wa kuingilia mjini.

Ndani ya lango mitaa ni myembamba kiasi kwamba mtu akinyoosha mikono anakaribia kugusa kuta za pande zote mbili, nasi wawili, kwa kuwa tumekulia pwani ya mawe na vichochoro, hatukushangazwa sana. Tulichoshangaa ni matao ya mawe yanayokatiza juu ya mitaa, kutoka nyumba moja hadi nyingine, mengi kiasi kwamba baadhi ya vichochoro vinaonekana kama mbavu za chombo kinachoundwa. Nilidhani kazi yake ni kuzizuia nyumba zisiegemeane. Mjomba alisimama chini ya mojawapo kwa muda mrefu, kofia mkononi, akaniuliza: "Mbona kwa juu yana mfereji?" Alikuwa sahihi. Matao hayo yanashikilia nyumba, lakini pia yamebeba michirizi ya kupitishia maji ya mvua kutoka mapaa, na sehemu ya maji hayo yalikwenda kwenye birika kubwa lililo chini ya ukumbi wa wazi wenye matao, mbele ya kanisa la Sainte-Marie-Majeure, ambapo zamani wazee wa mji walikutana kwa baraza na hukumu. Wazee walikaa kuamua mambo ya mji juu ya akiba yake ya maji.

Tangu hapo sikuweza kuutazama mji kwa jicho jingine. Huu ni mji uliozungukwa na maji pande tatu, na ulioishi kwa karne nyingi ukihesabu ndoo. Adui aliyekuja hakuhitaji kupanda jabali. Ilitosha aufunge mdomo wa hori na kusubiri kiangazi. Hivyo ndivyo alivyojaribu Alfonso wa Tano, mfalme wa Aragón, alipouzingira mwaka 1420, na mji ulistahimili kwa miezi kadhaa hadi meli za msaada kutoka Genova zilipofika mwanzoni mwa mwaka 1421. Mwaka 1553 haukuwa na bahati hiyo: Wafaransa wakishirikiana na Waturuki wa Uthmaniya chini ya Dragut, ambaye kwa Kituruki ni Turgut Reis, waliutwaa, na ukarudi mikononi mwa Genova kwa mkataba wa mwaka 1559.

Hapa ndipo inapofaa kuzungumzia Ngazi za Mfalme wa Aragón, kivutio kinacholipiwa ambacho ningekilipia tena kesho. Ni vidato 187 vilivyochongwa kwenye uso wa jabali upande wa bahari kuu, vikiteremka kwa mshazari kutoka mji wa juu hadi karibu na maji. Kiingilio ni cha euro chache. Hadithi inayosimuliwa kwa watalii ni kwamba askari wa Alfonso walizichonga kwa usiku mmoja wakati wa mzingiro ule ili wauvamie mji. Nilipompigia simu mjomba kutoka chini, kwani yeye alibaki juu kivulini kwa sababu ya magoti, na kumsimulia, alicheka. "Usiku mmoja? Aliyesema hivyo hajawahi kushika tindo." Ukweli una mantiki zaidi, na kwangu ni mzuri kuliko hadithi: ngazi zinateremkia kwenye kisima cha maji baridi cha Saint-Barthélemy, kilichomo ndani ya mwamba, na inaaminika zilichongwa ili watu wa mji wenyewe wakayafikie maji hayo.

Vidato ni virefu kuliko vya kawaida na havilingani, hivyo kwamba mguu hauzoei mwendo. Kila kimoja lazima ukiangalie. Katikati kimechimbika kwa miguu ya watu na kuna chembe za mchanga zinazoteleza chini ya kiatu. Upande mmoja una mwamba unaopitisha ubaridi wa unyevu hata mchana wa jua kali, upande wa pili kuna reli ya chuma na baada yake ni bahari. Kushuka kulinichukua dakika chache. Kupanda kulinichukua karibu nusu saa, na nilisimama mara nyingi nikijifanya napiga picha. Nilijaribu kufikiria mtu anayepanda hapo akiwa na chombo cha maji kichwani au begani, siku baada ya siku, na nikaona haya kwa chupa yangu ya nusu lita. Ni muhimu kujua kwamba ngazi hufungwa upepo unapokuwa mkali au mvua inaponyesha, kwa hiyo anayekaa siku moja tu asiziache za mwisho. Wenye matatizo ya moyo, magoti au kizunguzungu wasiziguse.

Kuna ngazi nyingine zinazolipiwa, zile za kile kinachoitwa Usukani wa Corsica, kwenye ncha ya rasi. Hizi ni vidato 168 ndani ya handaki lililochimbwa kwa matumizi ya kijeshi, na mwisho wake ni dirisha la mwamba karibu na usawa wa bahari, kutoka ambapo unaitazama Sardinia. Jina limetokana na umbo la jabali hilo, ambalo ukiliona kutoka baharini linafanana kweli na usukani wa meli, ule bapa unaokaa majini. Mjomba alilipenda jina kuliko mimi nilivyozipenda ngazi. Aliyeshuka zile za Aragón anaweza kuziacha hizi bila majuto.

Safari ya mashua inayozunguka jabali na kuingia mapangoni ni biashara kubwa gatini, na mawakala wamejipanga wakiita wateja kwa namna ambayo ingemfanya mtu wa stendi ya zamani ya Ubungo, Dar es Salaam, ajihisi nyumbani. Tulilipa kama euro 20 kila mmoja kwa safari ya saa moja hivi. Pango la Sdragonato lina tundu kwenye paa ambalo umbo lake linafanana na ramani ya Corsica, na nuru inayoshukia hapo huyageuza maji kuwa ya kijani cha zumaridi. Hilo ni kweli na ni zuri. Maelezo, hata hivyo, yalitoka kwenye kanda iliyorekodiwa na ilikuwa ikiwahi au kuchelewa, kiasi kwamba tulielezwa habari za pango tukiwa tunatazama maegesho ya boti za matajiri. Kilichookoa safari ni dakika kumi za mwisho chini ya mji, mashua ilipopunguza mwendo karibu na lile jabali lililomeguka na kusimama peke yake baharini, ambalo wenyeji wanaliita Chembe ya Mchanga. Hapo ndipo unapoona jinsi msingi wa mji ulivyoliwa. Kaeni upande wa kulia wakati wa kurudi, na ulizeni kabla ya kulipa kama bahari inaruhusu kuingia mapangoni, kwa sababu ikichafuka kidogo tu huingii, na sikuona mtu akirudishiwa fedha.

Ningemshauri mwenye uwezo alipe zaidi aende visiwa vya Lavezzi, ambavyo ni sehemu ya hifadhi ya asili iliyoanzishwa mwaka 1999. Mashua huwashusha watu na kuwarudia baada ya saa kadhaa. Hakuna duka, hakuna mgahawa, na tena hakuna maji, basi yachukueni ya kutosha. Vipo vijighuba vya mchanga mweupe kati ya mawe makubwa ya matale yaliyoviringika, na yapo makaburi. Tarehe 15 Februari 1855 meli ya kivita ya Ufaransa iitwayo Sémillante, iliyokuwa imetoka Toulon ikipeleka askari kwenye Vita vya Krimea, ilipigwa na tufani na kupasukia kwenye miamba hii, na watu karibu 700 waliokuwamo walikufa wote. Maiti zilizoletwa na bahari zilizikwa papo hapo, katika viwanja viwili vilivyozungushiwa kuta za mawe, na wengi wa waliolala humo hawana majina. Mjomba alisimama langoni akawaombea, kisha akakaa akiutazama mkondo unavyopita kati ya miamba kwa muda ambao sikuona vyema kuukatiza. Jioni alitaka kujua kama meli za mafuta bado zinapita hapa. Nilimweleza kwamba tangu mwaka 1993 Ufaransa na Italia zimezipiga marufuku meli zenye bendera zao kupita na shehena za hatari, na kwamba mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Bahari liliutambua mlango huu kama eneo nyeti la bahari. "Walichelewa," alijibu.

Kuhusu chakula, nina malalamiko na sifa. Malalamiko yanahusu mgahawa mmoja wa gatini, ambao sitautaja, wenye viti vizuri na wahudumu wanaotazama juu ya kichwa chako. Tuliomba maji, tukaletewa chupa mbili kubwa zilizokwisha kufunguliwa, na kwenye bili zilikuwa zimetugharimu karibu sawa na sahani ya chakula. Nchini Ufaransa mteja anayekula ana haki ya jagi la maji ya bomba bila malipo, lakini sharti aliombe kwa jina lake, yaani "une carafe d'eau", maneno ambayo ningemshauri kila msomaji ayakariri kabla ya kushuka kwenye feri. Samaki walikuwa wamekauka. Katika mji huu kati ya miji yote, kumuuzia mgeni maji kwa hila ni jambo ambalo mababu zao wasingeliona dogo.

Sifa ni za mji wa juu. Chakula cha hapa ni biringanya za Kibonifacio: biringanya hukatwa nusu, nyama yake ikatolewa, ikachanganywa na mkate uliolowekwa maziwa, jibini la kienyeji, mayai, vitunguu saumu na majani ya mrehani, kisha mchanganyiko ukarudishwa ndani ya ganda na kukaangwa au kuokwa. Ni chakula cha watu wasio na nyama waliojua kupika. Tulikila kwenye mgahawa mdogo wenye meza sita, na mjomba, ambaye kwa kawaida huwashuku watu wanaoita mboga chakula kamili, aliagiza sahani ya pili. Wasiokula nguruwe waulize kila mara, kwa sababu Corsica inapenda sana nyama za nguruwe zilizokaushwa na huweza kuingizwa mahali usipotarajia. Sisi tulijibiwa kwa heshima kila tulipouliza. Tafuteni pia mkate wa wafu, wenye zabibu kavu na jozi, ambao asili yake ni sikukuu ya kuwakumbuka marehemu mwanzoni mwa Novemba lakini sasa unapatikana maduka ya mikate wakati wote. Ni mzito, una utamu wa kiasi, na kipande kimoja na kahawa kilitutosha kwa kifungua kinywa.

Laleni mji wa juu, hata kama bei ni kubwa kuliko nje ya mji. Mchana, hasa Julai na Agosti, watu ni wengi mno na maduka ya zawadi yanauza vitu vilevile mlango hadi mlango; kuanzia saa kumi na mbili jioni wageni wa siku moja huondoka, na mitaa hurudi kwa wenyewe, na unasikia vijiko vya watu wanaokula madirishani. Tatizo ni ngazi za ndani. Nyumba hizi zamani ziliingiwa kwa ngazi za mbao zilizovutwa juu usiku, na zile za mawe zilizochukua nafasi yake bado zimesimama karibu wima. Ulizeni chumba kiko orofa ya ngapi. Sisi hatukuuliza, na mjomba alilala orofa ya tatu kwa siku tatu bila kulalamika, jambo lililonitia aibu zaidi.

Yapo mambo yanayoweza kupitwa haraka. Mtaa wa Wafalme Wakuu Wawili una nyumba alimofikia Karolo wa Tano, mtawala wa Dola Takatifu la Roma, mwaka 1541 na nyingine alimokaa Napoleon, akiwa bado afisa kijana, mwaka 1793. Hakuna la kuona zaidi ya vibao ukutani. Makaburi ya upande wa magharibi wa rasi, yaliyojengwa kama vijumba vyeupe vinavyoitazama bahari, yanastahili nusu saa ya utulivu, hasa jua linapotua.

Wenye viza ya Schengen hawahitaji nyingine kwa kuvuka kutoka Italia, ila pasipoti na kibali cha kuishi viwe mkononi. Msibane siku ya kurudi. Asubuhi ya kuondoka kwetu mjomba aliamka mapema, akaenda hadi ukingoni, akarudi akaniambia nisifunge mizigo. Saa tatu tangazo lilibandikwa kwenye kibanda cha tiketi kwamba feri ya asubuhi haitaondoka kwa sababu ya upepo. Tulinunua mkate mwingine wa wafu, tukakaa gatini kati ya watu waliokuwa wakigombana na simu zao, na saa kumi jioni, bahari ilipolegea, tukavuka.